Daftari la Vipimo Lisilokuwa na Jina Langu

Nimekuwa fundi cherehani mjini Tanga tangu mwaka 2004, katika chumba kimoja cha duka kilichopo Ngamiani, na katika miaka hiyo nimepima viuno vya wanawake wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jambo moja hutokea kwa karibu kila mteja, awe binti wa kidato cha nne anayeshonewa gauni la mahafali au bibi anayetaka nguo ya Idi: futi inapofika kiunoni, anavuta pumzi, analibana tumbo, kisha anaomba radhi. “Siku hizi nimejiachia, fundi.” “Usiandike hiyo, nitapungua kabla ya harusi.” Niliyasikia maneno hayo kila siku nikiandika inchi zilizokuwapo, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mimi mwenyewe, kwa miaka tisa, sikukubali futi ipite mwilini mwangu. Nguo zangu nilizikata kwa kukisia, pana kila mahali, zenye mpira kiunoni, ili zisije zikaniambia kitu.

Ili nieleze nilivyofika hapo sina budi kuanza na wembamba, kwa sababu kabla ya kuuogopa unene nilifundishwa kuogopa kukonda. Nilizaliwa mwaka 1979. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa umeingia nyumbani kwetu: baba yangu mdogo, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, alirudi kwa mama yake akiwa amebaki mifupa, akalala chumba cha uani miezi minne, akafariki. Mimi nilikuwa mtoto mwembamba kwa maumbile. Tangu msiba ule mama yangu hakuweza kuniangalia mabega bila kuingiwa na wasiwasi. Alinipikia uji wa karanga uliotiwa samli, akakaa mbele yangu mpaka nimalize bakuli, na wageni walipouliza, “Huyu mtoto mbona amekonda, haumwi?” alijibu kwa sauti ya mtu anayeshtakiwa. Simlaumu. Alikuwa akipigana na kifo kwa silaha aliyokuwa nayo. Lakini nilijifunza, nikiwa na miaka kama 12, kwamba mwili wangu ni habari inayosomwa na watu wengine, na kwamba wao ndio wanaoamua habari hiyo ni njema au mbaya.

Kwa hiyo nilipoolewa na kujifungua, nikaongezeka, nilipokea sifa kama mtu aliyefaulu mtihani. “Ndoa imekukubali,” walisema mashangazi, na nilifurahi kwa moyo wote. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba katika jamii zetu mwanamke mnene hana cha kuhofia kwa sababu unene kwetu ni neema. Mimi nasema anayesema hivyo hajawahi kuishi ndani ya mwili unaosifiwa. Anayekusifu leo kwa kunenepa amejipa haki ya kukusema kesho, na kwangu mimi kesho hiyo ilifika mnamo mwaka 2014, pale simu zenye kamera nzuri zilipojaa mjini na picha za harusi zikaanza kusambazwa kabla sahani za pilau hazijaondolewa. Wateja walianza kuja na picha ya mshono uliovaliwa na msichana mwenye kiuno cha inchi 25 na kuniambia, “Nataka nikae hivi hivi.” Mashangazi wale wale waliosema ndoa imenikubali sasa waliniita kibonge mbele ya watoto wangu. Katika picha ya harusi ya binamu yangu nilijiona nimesimama ubavuni, nikakaa na ile picha usiku kucha, nikiikuza kwa vidole viwili, nikitazama mkono wangu kana kwamba ulikuwa mkono wa mtu niliyemchukia.

Hofu ya namna hiyo inakula muda zaidi ya vile mtu asiyeijua anavyoweza kuamini. Nilianza kusimama nyuma ya watu katika picha, au kumbeba mtoto wa mtu ili anifunike. Niliacha kupanda baiskeli, jambo ambalo kwa mwanamke wa Tanga, mji ambao baiskeli ni miguu ya pili, lilikuwa kama kuacha kutembea, kwa sababu niliamini kila aliyekaa barazani alikuwa akinitazama kwa nyuma. Niliacha kwenda kuogelea Raskazone, nilikojifunza kuogelea nikiwa mtoto. Kioo kikubwa cha dukani, ambacho wateja hujitazama wakijaribisha nguo, nilikigeuza pembe ili nikiwa kwenye cherehani kisinione. Nilinunua mizani ya nyumbani na nikawa nikiipanda asubuhi, mchana na kabla ya kulala, na kila mara ilipoonyesha nusu kilo zaidi siku yangu iliharibika, ingawa nusu kilo huweza kuwa ni vikombe viwili vya maji tu.

Kati ya mwaka 2015 na 2019 nilijaribu kupungua mara tatu, na mara zote tatu nilianza kwa chuki. Mara ya kwanza nilinunua chai ya kupunguza tumbo. Nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, palitajwa sena, mmea ambao sisi watu wa pwani tunaujua kwa jina la sanamaki na ambao bibi zetu walimpa mtu aliyefunga choo. Niliharisha siku tisa na mizani ikashuka kilo tatu. Laiti ningejua wakati ule kwamba sanamaki hufanya kazi yake katika utumbo mpana, baada ya utumbo mwembamba kuwa umekwisha kufyonza sehemu kubwa ya chakula, na kwamba nilichokuwa nikikitoa kilikuwa maji na chumvi za mwili! Mara ya pili nilikata wanga wote, nikabaki na mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari kwa siku nzima. Kilo nne ziliondoka katika wiki mbili, nikasherehekea, bila kujua kwamba mwili huhifadhi akiba ya sukari, iitwayo glaikojeni, pamoja na maji yenye uzito wa karibu mara tatu ya akiba hiyo, na kwamba unapoikausha akiba yale maji hutoka nayo na kurudi siku ile ile unapokula ugali. Wiki ya tatu mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Sindano ya cherehani ilipita katika ukucha wa kidole changu cha shahada, na damu ikaingia kwenye hariri nyeupe ya bibi harusi.

Nilichokiona aibu kubwa zaidi katika kipindi kile ni kwamba sikuweza kuwaza kitu kingine zaidi ya chakula. Usiku, watu wote wakiwa wamelala, nilisoma mapishi ya keki kwenye simu, mimi ambaye sina hata jiko la kuokea. Nilidhani huo ni udhaifu wa tabia. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, chini ya mtaalamu aitwaye Ancel Keys, ambamo wanaume 36 wenye afya njema walikubali kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita ili ieleweke namna ya kuwasaidia watu waliokuwa wakifa njaa vitani. Wanaume wale, waliochaguliwa kwa uimara wao wa mwili na akili, walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya maelekezo ya upishi, na waliporuhusiwa kula tena baadhi yao walikula bila kushiba. Nilipoyasoma hayo nililia. Kumbe sikuwa mlafi. Nilikuwa na njaa.

Mara ya tatu nitaisema kwa ufupi kwa sababu bado inaniumiza: mteja aliniletea vidonge visivyo na lebo, moyo ukaanza kunienda mbio nikiwa nimekaa, nikavitupa chooni siku ya tano. Sijui vilikuwa na nini, ila ninajua kwamba sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, imekuwa ikigunduliwa mara kwa mara ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazojiita za asili. Nawaomba wanawake wenzangu wasimeze kitu ambacho muuzaji wake hawezi kukitaja jina.

Nilianza safari hizo nikiwa na kilo 79. Kila niliposhuka nilirudi na kupita pale nilipoanzia, na mwishoni mwa mwaka 2019 nilikuwa na kilo 86 kwa urefu wa sentimita 162. Nilikwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa, nikapimwa shinikizo la damu, likawa 152 kwa 96. Nilirudi siku mbili nyingine, likabaki juu. Nilijiandaa kukaripiwa. Muuguzi, mama wa makamo kama mimi, hakunikaripia. Aliniuliza ninalala saa ngapi, nakaa kwenye cherehani saa ngapi bila kusimama, na nyumbani kwangu lita moja ya mafuta ya kula inakaa siku ngapi. Swali la mwisho lilinishangaza. Nilimjibu siku nne, na tuko watu watano. Akachukua kalamu, tukapiga hesabu pamoja: lita moja ina kalori zaidi ya 8,000, kwa hiyo kila mtu alikuwa akipata kalori 400 kwa siku kutoka katika chupa ile peke yake, kabla ya nazi, kabla ya maandazi. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba sihitaji kurudi kwenye mwili wa msichana. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002, ukihusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliwalenga washiriki wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hilo lilipunguza kwa asilimia 58 idadi ya waliopata ugonjwa ukilinganisha na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo sita. Nilitoka pale na dawa ya presha, na kwa mara ya kwanza nikiwa na shabaha ambayo haikunitaka nijichukie.

Hata hivyo kilichonibadilisha kabisa hakikutoka zahanati. Kati ya Machi na Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa na harusi zimepungua, kazi ilikauka, nami nikaketi na madaftari yangu ya vipimo ya tangu 2004. Fundi hutunza vipimo kwa sababu mteja hurudi. Nilianza kuwafuatilia wateja wa miaka mingi, ukurasa kwa ukurasa, na nikaona kile nilichokuwa nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kukisoma. Mwanamke aliyeshuka inchi tano kwa ajili ya harusi ya mwanawe Agosti alikuwa amerudi Machi kuachiwa mshono, na mwaka uliofuata alikuwa na inchi mbili zaidi ya mwanzo. Alifuata mwingine wa namna hiyo, na mwingine. Nilikuwa nimewaona wote, nikafumua mishono yao, na kila mmoja alikuwa amenieleza kwa uchungu kwamba yeye hana nidhamu. Kisha nikakuta kurasa chache za namna nyingine, wanawake ambao kiuno kilikuwa kimeshuka inchi moja kwa mwaka, au nusu inchi, au hakikupanda kwa miaka kumi. Nilipata ujasiri wa kuwauliza watatu kati yao. Hakuna aliyejua kwamba amepungua. Mmoja alikuwa amehamia mbali na kituo cha daladala, mwingine aliacha biashara ya kukaanga vitumbua, na wa tatu alikuwa na shamba la mihogo Pongwe alilokuwa akilihudumia kila asubuhi. Daftari la fundi si maabara, nami sidai kwamba limethibitisha chochote kwa mtu mwingine yeyote. Lilinithibitishia mimi.

Basi nikaacha kutafuta mpango na nikaanza kubadilisha vitu ambavyo vingekuwapo nikivikumbuka nisivikumbuke. Chupa ya mafuta niliiondoa jikoni, nikaweka kijiko cha chakula ndani ya kopo, na kila sufuria ikapata vijiko viwili. Leo lita moja inakaa siku tisa. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza, kisha wakazoea kisamvu chenye nazi kidogo na limau nyingi. Chai nilikuwa nikiinywa vikombe vitatu, vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja, ambavyo kwa vikombe vyote vitatu ni karibu gramu 36. Niliondoa nusu kijiko kila baada ya wiki mbili mpaka nikabakiwa na nusu kijiko, na huko nimesimama kwa sababu chai kavu bila sukari kabisa siipendi na sina haja ya kujilazimisha. Mkasi mkubwa niliuhamishia upande wa pili wa chumba ili kila nikikata niinuke. Duka langu liko dakika 25 kwa miguu kutoka nyumbani, nikaacha bajaji ya asubuhi na kubaki na ya jioni ninapokuwa nimebeba vitambaa, na hivyo nikapata zaidi ya dakika 120 kwa wiki bila kuitafuta hata saa moja ya ziada. Kifungua kinywa kiliongezeka badala ya kupungua: yai au maharage pamoja na kipande cha muhogo au kiazi kitamu, kwa kuwa nilipogundua kwamba maandazi yangu ya saa kumi jioni yalikuwa malipo ya asubuhi niliyokaa na njaa, niliona ni heri kula mapema.

Ilichukua muda mrefu. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliofuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya waligundua kwamba ilichukua siku 66 kwa wastani mpaka tendo lijifanye lenyewe, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Jambo lililonifariji zaidi katika matokeo yao ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mimi nilikosa zaidi ya siku moja. Ramadhani ya 2021 ilinishinda. Futari ya kwetu ni mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na sharubati, imeandaliwa kwa mapenzi na inaliwa pamoja na majirani, nami sikutaka kuwa mtu anayehesabu kijiko mbele ya neema ya Mungu. Niliongezeka kilo mbili. Zamani hizo kilo mbili zingenipeleka kwenye sanamaki. Safari hii baada ya Idi nilirudi tu kwenye kijiko changu cha mafuta na njia yangu ya asubuhi, na Ramadhani iliyofuata nilianza futari kwa tende, maji na supu ya samaki, nikaswali Magharibi, kisha nikala kile nilichokitamani, na nikagundua kwamba niliporudi mezani baada ya swala sahani moja ilinitosha. Mwaka 2022 mume wangu aliugua, nikalala hospitalini kwenye mkeka miezi miwili nikila chipsi na soda, na huko nako nilirudi polepole.

Mizani niliigawa. Napimwa zahanati mara moja kila miezi mitatu ninapokwenda kwa ajili ya presha, na hapo katikati sitaki kujua. Hofu haikuondoka pamoja na mizani, na ningekuwa mwongo kusema kwamba kupungua kilo tisa kumeiponya. Huja nikiona picha, huja nikiingia ukumbini. Tofauti ni kwamba sasa ninaitambua kwa sauti yake, ambayo ni ya mashangazi, na ninajua haina taarifa yoyote kuhusu mishipa yangu ya damu. Naogelea tena Raskazone, Jumapili alfajiri, nikiwa na gauni refu la kuogelea nililolishona mwenyewe.

Dukani nako nimebadilisha desturi. Sisomi vipimo kwa sauti. Simwambii mteja kwamba amenenepa wala kwamba amepungua, hata akiniuliza, kwa sababu mwanamke anayesifiwa kwa kukonda huenda yuko katikati ya wiki yake ya tatu ya mayai mawili, au anaumwa, au amefiwa. Naacha nguo ya ziada ya inchi moja na nusu ndani ya kila mshono wa ubavuni na ninamwonyesha mteja, ili ajue kwamba gauni lake limeandaliwa kumfuata. Na wanafunzi wangu wawili nimewafundisha kwamba mteja akivuta pumzi wasimpime. Wasimame na futi mikononi, waongee naye habari za kitambaa, wangoje mpaka atoe pumzi mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 2023, binti yangu mkubwa alipochumbiwa, nilikata shauri kushona gauni la kitenge lenye kiuno, la kwanza tangu 2014. Nilimwita mwanafunzi wangu mdogo, binti wa miaka 19, nikamwambia anipime. Alidhani anasikia vibaya. Alianza mabegani, akashuka kifuani, na futi ilipofika kiunoni nilihisi tumbo langu likijibana na kifua kikijaa hewa kabla sijafikiri lolote. Yeye akasimama. Akaniuliza, “Fundi, kitenge hiki ni cha wiki hii au ni kile kilicholetwa kabla ya Idi?” Nikamweleza nilikinunua kwa nani, na bei yake, na kwamba rangi ile ya zambarau nilikuwa nikiitafuta muda mrefu, nikaendelea kuongea mpaka kifua kikashuka. Akaifunga futi kwa vidole viwili, akasoma kimya, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika jina langu juu na 36 chini yake, kisha akaniuliza kama ninataka zipu ya ubavuni au ya mgongoni.